Nani Aliyeibeba Mizinga Hadi Mwezini?

Kwetu ni Magomeni, Dar es Salaam, na tangu utoto wangu sikupenda kitu kama sinema za vita vya angani. Karibu na nyumba yetu palikuwa na kibanda cha video. Sisi watoto tulikaa mkekani tukitazama merikebu za angani zikipigana kwa miali myekundu na ya kijani, huku mtafsiri akitueleza mambo yote kwa Kiswahili chenye mbwembwe nyingi. Nikirudi nyumbani nilichukua kipande cha bomba la maji, nikawamaliza wavamizi wote wa Magomeni Mikumi kabla ya adhana ya magharibi.

Basi muhula uliopita, mwalimu wetu wa fizikia alipotangaza kuwa atapokea hadithi za sayansi ya siku zijazo, niliona siku yangu imefika. Nikaandika hadithi, nikaiita "Vita vya Mwezini". Ndani yake alikuwamo jemadari mwenye mizinga 400 ya leza, na kila mzinga uliweza kuyeyusha mlima. Katika ukurasa wa kwanza tu walikufa askari 10,000. Niliwasomea wenzangu bwenini kabla ya taa kuzimwa, wakanishangilia sana, na kwa muda wa siku mbili niliitwa Jemadari.

Siku ya tatu daftari lilirudi likiwa na wino mwekundu. Mwalimu aliandika kwamba mwezini hakuna hewa, kwa hiyo ngurumo za mizinga yangu zisingesikika, wala mwali wa leza usingeonekana ukipita, maana hakuna vumbi wala moshi wa kuirudisha nuru machoni. Tena, kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,000 hivi, na nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu anayelenga kutoka hapa humwona adui mahali alipokuwa zaidi ya sekunde moja iliyopita, na mwali wake nao utachukua muda kama huo kufika. Hayo niliyasahihisha upesi. Lakini chini kabisa palikuwa na swali moja lililonishinda: "Nani aliyeibeba mizinga hii hadi mwezini?"

Kwanza nilidhani ni mzaha. Kisha nikaona haya, kwa sababu ambayo mwalimu hakuijua.

Tulipoingia Kidato cha Kwanza, tulitajiana kazi za wazazi wetu. Mimi nilisema kuwa baba yangu ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Haikuwa kweli. Baba ni mchukuzi. Kila alfajiri hutoka Magomeni kwa miguu, akavuka Jangwani, na kutwa nzima husukuma mkokoteni wa kukodi, akipeleka marobota ya nguo na magunia ya mchele kutoka garini hadi madukani. Hata madaftari niliyoandikia vita vyangu yalinunuliwa kwa kazi hiyo.

Likizo ilipofika nilikwenda maktaba kutafuta jibu la swali la mwalimu, nikakutana na habari za jina la Kariakoo. Sote twalitaja jina hilo kila siku, lakini ni wachache wajuao asili yake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, mahali pale palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wao, kilichoitwa Carrier Corps. Watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Vita vile vya 1914 hadi 1918 vilikuwa na silaha za kutisha kwa macho ya watu wa wakati ule. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, mizinga yake 10 iliopolewa ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o, kwa hiyo mzigo wa vita ukaangukia mabega ya wanadamu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa.

Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho The War of the Worlds. Humo wavamizi kutoka Mars wanawachoma watu kwa mwali wa joto, na mwishowe wavamizi wenyewe wanauawa na vijidudu vya maradhi. Katika kitabu chake wenye silaha ndio waliokufa kwa vijidudu. Kwetu walikufa wale waliowabebea silaha.

Nilikwenda pia mjini kuitazama Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameielekeza bunduki yake bandarini. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyefanyiwa sanamu ni askari peke yake. Nikajiambia kuwa hadithi yangu ni mbaya zaidi, maana mimi sikuwataja hata kwa maandishi.

Usiku ule nilipiga hesabu. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za chakula cha jeshi, naye anakula kilo 1 kila siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakula kilo 20, na jeshi litapata kilo 5 tu. Roketi nayo ni mpagazi wa namna hiyo, hula mzigo wake njiani. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969, ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900 ilipoondoka, na sehemu kubwa ilikuwa mafuta, ili ipeleke mzigo wa tani 45 hivi tu kuelekea mwezini. Kama kila mzinga wangu ulikuwa na tani 45, jemadari wangu alihitaji roketi 400 kabla hajapiga hata mara moja!

Asubuhi nilimwamkia Baba, nikamwomba nifuatane naye kazini. Tulisukuma mkokoteni katika msongamano wa Mtaa wa Kongo, yeye mbele akiita watu wapishe, mimi nyuma. Hata ilipofika adhuhuri viganja vyangu vimejaa malengelenge. Tulipokaa kivulini nilimweleza swali la mwalimu. Alicheka sana, akasema, "Mwalimu wako huyo amewahi kubeba mzigo." Kisha akaniuliza huko mwezini wanalipa shilingi ngapi kwa gunia.

Hapo nikamwambia uongo niliousema shuleni. Alinyamaza kitambo, akaikaza kamba ya mkokoteni, halafu akasema, "Hukusema uongo wote, mwanangu. Biashara ninayo. Nauza mgongo." Tukaondoka, wala hakulitaja tena jambo hilo. Lakini siku ile nzima sikuweza kumtazama usoni.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Mizinga sasa ni 2, na jemadari haonekani mpaka ukurasa wa nne. Anayeianza ni mtu mmoja chini ya roketi, anayehesabu mapipa ya mafuta na kujiuliza kama kilichobaki kitamrudisha nyumbani. Niliposoma bwenini, wenzangu hawakushangilia kama mara ya kwanza, bali mmoja aliniuliza, "Je, alirudi?"

Wenzangu mpendao mambo haya, endeleeni kubuni silaha za ajabu, maana fikira ni mali. Ila kabla ya kupiga mzinga wa kwanza, jiulizeni nani ameubeba. Nami Siku ya Wazazi itakapofika, Baba akija, nitawajulisha kwake wote. Yeye ni mchukuzi wa Kariakoo.