Barua kwa Mjukuu Aliye Macalder

Homa Bay

Nyakwara, mjukuu wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umechoshwa na mashimo ya dhahabu huko Migori, una miaka 25 na bado hujui Mungu alikuumbia nini. Kisha ukanichokoza: dani, nyanya yako aliyefundisha dini miaka yote hiyo, aseme Wayahudi walijuaje kazi waliyoitiwa.

Haya. Sisi watu wa Sabato hujidai kuwajua Wayahudi. Tangu wamisionari wafike Gendia mwaka 1906 tunapumzika siku yao na nguruwe hatumgusi, lakini tunakomea kwa Musa na Danieli. Marabi waliokuja baadaye hatuna habari nao. Mimi mwenyewe niliwasoma nilipostaafu.

Katika Talmudi, kitabu cha mafundisho yao, wanataja mambo ambayo baba anadaiwa na mwanawe: amtahiri, amfundishe Torati, amtafutie mke, amfundishe kazi. Halafu wengine wanaongeza: na kuogelea. Kuogelea! Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka matanga tuliyokesha ya vijana wavuvi wa omena, waliozaliwa ukingoni mwa ziwa na hawakujua kuogelea. Sababu ya marabi ni hiyo hiyo: uhai wa mtoto waweza kutegemea jambo hilo. Basi Torati na maji vimewekwa pamoja, wala hakuna aliyeona aibu. Kuhusu kazi, Rabi Yehuda alikuwa mkali zaidi. Baba asiyemfundisha mwanawe kazi alimhesabu kuwa analea mnyang'anyi.

Nina ugomvi nao mmoja: orodha yao ni ya baba na wana wa kiume tu, kana kwamba wanawake hawamo. Karo yako ililipwa na mama yako, kwa beseni la omena.

Wao wenyewe walikuwa watu wa jasho. Rabi Yohanan alishona viatu. Rabi Yehoshua, mwanachuoni mkubwa, kuta za nyumba yake zilikuwa nyeusi kwa masizi ya makaa. Siku moja mkuu wake Gamalieli, mjukuu wa yule wa Matendo ya Mitume, alimtembelea akashangaa kuziona. Yehoshua alimkemea: ole wao wanaoongozwa na mtu asiyejua wenzake wanavyohangaika kupata riziki. Watu kama hao ukiwauliza kusudi la maisha, sidhani wangekupeleka mlimani ukafunge siku 40. Wangetaka kujua mikono yako inaweza nini, na nani anakutegemea leo.

Usidhani hayo ni ya marabi wa kale tu. Vuka mpaka hadi Mbale utawakuta Abayudaya, Wayahudi wa huko. Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, alitahiriwa mwaka 1919 akaishika Torati, na watu wakamfuata. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao wengi waliiacha. Wachache wakaendelea kusali kwa siri. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliwaunganisha wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika mmoja, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hakuacha kilimo ili atafute wito. Aliuanzia kwenye mibuni aliyokuwa nayo.

Sasa turudi kwako. Baba yako alitutoka ukiwa darasa la tatu, kwa hiyo deni lake lilihamia kwetu, nasi tumelilipa nusu. Torati umeisoma, kwa uvivu. Mke utajitafutia. Kazi ya kukutunza bado hujaipata, na ziwa unaliogopa mpaka leo. Hilo ni kosa letu, si lako.

Nimesema na fundi wa mashua kule Mbita. Anataka mwanagenzi asiyeogopa nyundo, nawe nyundo umeishika miaka mitatu humo shimoni. Ameahidi kungoja hadi mwisho wa mwezi, lakini mashua zake, amesema, hazijaribiwi na mtu asiyejua kuogelea. Binamu yako atakufundisha asubuhi kabla ya kazi.

Njoo na kaptura.

Dani yako