Kibao Kinasema Milimita 8

Kibao kilichopigiliwa ubavuni mwa tangi la mvuke huwa kifupi kuliko shairi. Kina mwaka wa kutengenezwa, namba ya tangi, unene wa chuma na presha ya juu inayoruhusiwa. Nimesoma vingi, maana kazi yangu ni kubeba kipima unene nyuma ya mkaguzi kati ya Masasi na Newala, na siku hizi nakisoma kibao kama ninavyosoma wasifu ambao mhusika kajiandikia mwenyewe. Kinachosema ni kweli, ila ni ukweli wa siku tangi lilipotoka kwa aliyelitengeneza. Baada ya hapo tangi limeishi, na maisha yake hayakuandikwa popote.

Ukitaja vyombo vya presha kwa mtu wa Mtwara, atakuelekeza Madimba kwenye gesi. Huko wako wenyewe na mitambo yao. Vya kwetu ni vya kawaida tu: tangi la kompresa la fundi pancha, mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji hospitalini, na boila za viwanda vidogo vya kubangua korosho. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Korosho na chuma vina historia ndefu huku. Mnamo 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na serikali ikakopa kujenga viwanda vikubwa Masasi, Newala, Mtama na kwingineko. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani kama 16,500, na mitambo ikakaa kimya. Watu hudhani chombo kilichozimwa kinapumzika. Boila iliyoachwa na maji kidogo tumboni, hewa ikiingia inavyotaka, inaliwa na kutu kuliko ile inayofanya kazi kila siku. Viwanda vidogo vya leo navyo ni vya msimu: minada ya MAMCU na TANECU ikianza wanawasha, korosho zikiisha wanazima, na miezi iliyobaki chuma kinajila chenyewe.

Tuje kwenye tangi lenyewe. Kiwandani tulikoitwa mwaka 2023 kulikuwa na boila inayochochewa kwa maganda ya korosho, na pembeni yake pipa la chuma lililolala, kipenyo sentimita 80, urefu mita moja na nusu, lenye mlango mbele. Wafanyakazi waliliita chungu. Korosho ghafi zinaingizwa humo, mlango unafungwa kwa bolti, mvuke unafunguliwa mpaka presha ya baa 7, zinakaa kama dakika 20, mvuke unatolewa, mlango unafunguliwa. Ganda linalegea, wabanguaji wanaanza kazi. (Ndiyo, kipimo chenyewe kinaitwa baa. Kwa Kiswahili neno hilo lina maana nyingine mbili, moja ya kunywea na moja ya balaa, na siku ile nilizikumbuka zote.)

Piga hesabu ya mlango huo. Baa 7 zikisukuma duara la sentimita 80 zinatoa nguvu ya tani 35 hivi, sawa na kuegesha semi yenye shehena juu ya mlango na kuiambia bolti ishikilie. Halafu semi iondoke, irudi, iondoke tena. Mizunguko 12 kwa siku, siku 150 kwa msimu, miaka 14: zaidi ya mara 25,000.

Kibao kilisema 2009, milimita 8. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, nikaweka kichwa cha kipimo. Kifaa kinatuma mlio ambao sikio halisikii, unapita ndani ya chuma kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde, unagonga ukuta wa ndani, unarudi. Muda wa safari ndio unene. Mama zetu hufanya jambo la ukoo huohuo sokoni wanapogonga mtungi kwa kidole kabla ya kuulipia. Juu nilipata 7.6. Ubavuni 7.1. Chini, pale maji ya mvuke yanapotuama, 5.6.

Mkaguzi, mzee wa Masasi asiyependa maneno mengi, aliandika kwa penseli. Milimita 2.4 zimekwenda kwa miaka 14, yaani 0.17 kwa mwaka. Kwa presha ile na kipenyo kile, unene wa chini kabisa ulikuwa 3.4. Zimebaki 2.2 za kuliwa, na kwa kasi ileile ni zaidi ya miaka 12.

Meneja alifurahi. “Sasa Mzee, si mmemaliza? Tuwashieni.”

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na hesabu ya darasani. Kuna mwongozo wa Marekani uitwao API 579, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ambao swali lake ni zuri hata kwa binadamu: chombo hiki kimeshaumia, je, kinaweza kuendelea, kwa presha gani, mpaka lini? Mwongozo hautibu kila jeraha kwa hesabu moja. Kutu iliyosambaa ina hesabu yake, vishimo vina hesabu yake, na ufa una hesabu yake, ambayo ni kali kuliko zote. Unene wa wastani haukwambii lolote kuhusu ufa. Pale Brockton, Massachusetts, tarehe 20 Machi 1905, boila ya zamani ya kiwanda cha viatu, iliyowashwa kama akiba, ilipasuka na watu 58 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa uliojificha kwenye mshono wa riveti, jicho lisipofika. Msiba ule ulichangia kuwafanya wahandisi wa ASME kuandika kanuni za boila zilizotoka 1915, ambazo vibao vingi duniani bado vinazinukuu.

Kwa hiyo mzee hakusema kitu. Alinipa kopo la rangi nyekundu. Nikasafisha mishono inayoshika masikio ya bolti mlangoni, nikapulizia rangi, tukasubiri, nikafuta, nikapulizia poda nyeupe. Sikio la kwanza safi. La pili safi. La tatu, chini kushoto, mstari mwekundu ukaanza kuchomoza kwenye weupe polepole, mwembamba, urefu wa sentimita 4.

Meneja alipendekeza tujaribu kwa presha, tuone kama kweli haliwezi. Ila maji Newala ni kitu cha kuhesabu. Karl Weule aliyefika hapa 1906 alikwishaandika kuhusu taabu hiyo, na hata baada ya mradi wa Makonde kupandisha maji kutoka mabondeni, dumu halijawa rahisi. Kujaza lile pipa kunataka madumu 38. “Kompresa si ipo? Tujaze upepo.”

Ilikuwa mara ya pekee nilipomsikia mzee akipaza sauti. Maji hayabanwi, tangi likipasuka na maji, presha inaanguka hapohapo na unalowa miguu. Hewa iliyobanwa ni springi. Chuma kikiachia, springi yote inafunguka kwa mara moja, na mlango unakuwa kombora.

Akaandika: lisimame. Kwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 hakuna aliyekuwa na ubishi. Ubishi ulitoka kwa mama mmoja wa meza ya kubangua, wanaolipwa kwa kilo.

“Mwanangu, mkifunga hicho chungu mmefunga na vya nyumbani kwetu.”

Mzee akamuuliza kwa upole, “Mama, wewe unakaa wapi?” Akaonyesha benchi lake. Lilikuwa mbele ya mlango, hatua kama nane.

Sikulipenda swali lile, na hata leo silipendi, ingawa mzee namheshimu. Yule mama hakuwa mjinga wa hatari. Aliusikia mlango ule ukikohoa kila siku kuliko sisi. Alichouliza ni nani anazilipa siku za kusimama. Tuna hesabu ya chuma kilichobaki hadi desimali, tuna fomu na muhuri, na katika fomu nzima hakuna mstari mmoja wa kilo ambazo hazitabanguliwa. Nilitafuta tena gari lilipokuwa likishuka kuelekea Masasi. Hakuna.

Fundi wa kulehemu mwenye cheti alitoka Mtwara mjini. Akautoa ufa wote kwa jiwe la kusaga mpaka rangi isionyeshe kitu, akashona upya, na benchi likahamishiwa ukuta wa pembeni. Siku ya tisa tulirudi. Madumu 38 yalikuwa yamepangwa kwenye foleni, yamenunuliwa. Tukajaza, tukatoa hewa yote, nikapiga pampu ya mkono mpaka baa 10.5, moja na nusu ya presha ya kazi, tukaiacha nusu saa. Sindano ya geji haikusogea. Mshono mkavu.

Nilipofungua koki ya chini, wabanguaji walikuwa wameshafika na ndoo. Maji yalitoka ya kahawia, yananuka maganda. Hayafai kunywa wala kufulia, lakini mmoja wao alikuwa anafyatua tofali.