Maji ya Njiani Tuyachague Kabla ya Kutoka

Sisi wa Makobola tunaamka na kulala tukitazama ziwa, lakini tukitoka nyumbani ndipo maji yanapotusumbua. Nyumbani tuna mbabula, tuna bidoni yenye kifuniko, tunajua nani amechota na amechota wapi. Njiani hayo yote tunayaacha. Safari ya mtumbwi, kupanda shamba la mlimani, kwenda kilio Uvira: kila safari ina maji yake, na njia ya kuyasafisha haiwezi kuwa moja.

Wengi tulilelewa tukiambiwa ziwa halichafuki, eti ni kubwa na maji yake yanaangaza. Lakini jicho halioni kipindupindu. Vijidudu vyake huweza kuishi ndani ya maji ya ziwa, na pale ufukoni tunapofulia na kuogesha watoto ndipo tunapochota pia. Mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira na kuharibu mitambo ya maji, tuliona robine zinavyoweza kukauka siku moja na watu wakarudi ziwani.

Tukisafiri kwa mtumbwi kwenda soko la Baraka, moto hatuna. Hapo tunachemsha usiku, maji yatokote kabisa kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, tuyatie katika bidoni ndogo yenye mdomo mwembamba. Kikombe cha kuchovya hatubebi, maana mkono mmoja mchafu unaharibu kazi ya usiku mzima.

Mlimani kuni zipo, lakini mvua ikinyesha kijito kinakuwa tope. Tunayaacha maji yatulie, tunayachuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, kisha tunachemsha. Waliopanda juu sana, kupita mita 2000, watokoshe dakika tatu, kwa sababu kule maji hutokota kabla ya kuwa na moto wa kutosha. Kuchuja si kazi ya bure: Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu karibu nusu. Nusu inayobaki inataka moto au dawa.

Kiangazi, makala yakipanda bei, jua linasaidia. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, yenye maji maangavu, ilazwe juu ya bati saa sita za jua kali. Mawingu yakitanda, siku mbili. Njia hii inafaa kwa anayekaa shambani, si kwa anayepita njia.

Vidonge vya klorini ndivyo vyepesi kuliko vyote. Havitaki kuni wala jua, vinataka kusubiri dakika 30. Lakini tusome pakiti: kuna kidonge cha lita 1, cha lita 5 na cha lita 20, na kukosea ni kuyaacha maji na vijidudu au kuyatia dawa kupita kiasi. Watoto wanalalamika harufu. Ukiyaacha maji kwa saa chache, inapungua.

Dada zetu wanaofuata waume kwenye machimbo ya dhahabu wajue jambo moja. Maji yaliyopita pale wanapooshea dhahabu kwa zebaki hayasafishwi kwa moto, wala jua, wala kidonge. Ni kutafuta chemchemi nyingine.

Mwenye mtoto wa chini ya miezi sita asimbebee maji hata kidogo. Ziwa la mama linamtosha, hata jua likichoma.

Iko pia safari isiyopangwa, ile ambayo sisi wa huku tunaijua, unapotoka na mtoto mgongoni na kitenge kimoja. Siku hiyo hakuna wa kuchemsha. Kwa hiyo katika kikundi tumekubaliana kila nyumba iwe na vidonge vichache, vimefungwa visipate unyevu, mahali mama anapopajua hata gizani na mtoto hafiki. Kwa asiye na pesa ya pakiti nzima, tunanunua pamoja na kugawana, na tarehe ya mwisho tunaiandika kwenye kifungashio.

Na mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele njiani, hatungoji kufika tuendako. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo huku tukielekea kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mkutano ujao, kila mama aje na bidoni anayosafiri nayo. Tutazikagua vifuniko pamoja.