Jiwe la Speke na Kinywa cha Bombay

London, Uingereza



Katika bustani ya Kensington, hapa London, umesimama mnara wa itale nyekundu ambao wengi huupita bila kuutazama. Mtu aliyekulia Mwanza hawezi. Maneno yaliyochongwa ni machache mno: kwa kumkumbuka Speke, Victoria Nyanza na Nile, 1864. Hayasemi kwamba Speke aligundua chochote.

Jambo lililopotoshwa linaporekebishwa mbele ya watu, Waingereza husema “set the record straight”, yaani kuweka kumbukumbu sawa. Neno lao la kumbukumbu lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni moyo: kurekodi kulikuwa kulirudisha jambo moyoni. Baadaye mahakama zao zikaitoa kumbukumbu vifuani mwa mashahidi na kuiandika kwenye ngozi, na kilichoandikwa humo kikawa hakipingwi kwa urahisi. Kosa likishaingia katika maandishi ya namna hiyo, kulitoa ni kazi. Waliouchonga mnara wa Kensington walilijua hilo, wakaona heri kusema kidogo.

Walikuwa na sababu. Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akitokea Kazeh, Tabora ya leo, ambako mwenzake Richard Burton alibaki akiugua. Aliyaona maji ya Victoria Nyanza, akakaa siku chache tu, akarudi akiwa na hakika kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Ziwa hakulizunguka, hata mtumbwi wa kumvusha hadi Ukerewe hakuupata. Burton alikataa katakata. Kwake yeye, Ziwa Tanganyika lilistahili zaidi. Speke alirudi tena na James Grant, na Julai 1862 akayaona maporomoko ya Jinja, ambapo Nile inatoka ziwani, lakini ubishi haukuisha. Mdahalo wake na Burton ulipangwa katika mji wa Bath, Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Ubishi ulimalizwa na safari, si na hotuba. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikuta maji ya Tanganyika yakitoka kupitia mto Lukuga, kuelekea Kongo. Mwaka uliofuata Henry Morton Stanley aling'oa nanga Kageye, mashariki mwa Mwanza, akalizunguka ziwa la Nyanza lote kwa mashua ya Lady Alice. Speke alikuwa sahihi.

Lakini hapo kumbukumbu imenyooka nusu tu.

Speke hakujua Kiswahili cha kutosha, sembuse Kisukuma. Maswali yake yote aliyapitisha kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufariki. Wawili hao walizungumza Kihindustani cha kuungaunga. Bombay akigeuza kwa Kiswahili, mwingine alikigeuza kwa lugha ya wenyeji, na jibu lilirudi kwa njia ileile. Burton aliufanya mnyororo huo kuwa hoja ya kumdharau Speke. Kwa haki, ni hoja ya kumheshimu Bombay: habari ya ziwa iliyotoka Mwanza mwaka 1858 na kufika London ilipita kinywani mwake, na waliomjibu walikuwa watu walioyajua maji hayo kwa kuyavua na kuyavuka.

Bombay huyo huyo alikuwa na Speke na Grant hadi Misri, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Royal Geographical Society ilimpa medali ya fedha. Jina lake halimo kwenye jiwe la Kensington, ilhali ramani bado inaita maji ya mashariki mwa Mwanza Ghuba ya Speke.

Mnara wa Kensington si wetu kuuchonga upya. Madarasa ya Mwanza ni yetu. Walimu wa historia wa Nyamagana, Ilemela, Magu na Ukerewe, mkifika kwa Speke ubaoni, tafadhali andikeni na Bombay, kisha watumeni watoto kwa wazee wa kando ya ziwa wakaulize mababu zao waliliitaje na walilivukaje kabla ya mwaka 1858, na majibu yaandikwe.