Mtumbwi wa Mtumba

Mama alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo huwa hapigi. "Mdogo wako anataka kununua mtumbwi. Njoo uukague." Nikamwambia, mama, mimi ni mwandishi wa habari, mitumbwi naijulia wapi? "Si wewe unayesomaga vitabu vya watu wa baharini?" Halafu akashusha sauti. "Njoo uukague, mwanangu. Na uukute mbovu."

Ni kweli nasoma. Kitabu ninachokirudia kila baada ya miaka miwili mitatu ni Sailing Alone Around the World cha Joshua Slocum, kilichotoka mwaka 1900. Slocum alikuwa nahodha wa meli za tanga katika zama ambazo meli za mvuke zilikuwa zinawanyang'anya watu wake mkate. Akapewa bure chombo kikuukuu, Spray, kilichokuwa juu ya nchi kavu shambani huko Fairhaven, Massachusetts, kimefunikwa turubai. Akakisuka upya, miezi 13, dola 553.62. Hesabu hiyo naikumbuka kuliko namba ya simu yangu. Mwaka 1895 akaondoka Boston peke yake, akarudi 1898, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila mwenzake chomboni. Na saa yake ya safari? Saa ya bati, imevunjika kioo, aliuziwa dola moja. Ubao aliupa miezi 13, saa akaipa dola moja. Nilipanda basi la Ifakara nikiwa na hicho tu kichwani, kama mtu anayekwenda mtihanini na ukurasa mmoja wa daftari.

Kwetu ni Lumemo. Mto wenye jina hilo unashuka kutoka Udzungwa, na kiangazi ukiuona utauonea huruma. Masika hauonei mtu huruma. Msimu huu ulipita kwenye mpunga wa mdogo wangu ukabaki na mchanga. Mpango wake ukawa huu: maji yakianza kurudi kwenye Mto Kilombero, aingie kambini miezi mitatu. Wasiojua bonde letu waelewe kwamba kambi si safari ya asubuhi na jioni. Ni kibanda cha nyasi kwenye kingo za mchanga, mbali na barabara, unavua kambale, perege na kitoga, unawakausha kwa moshi, unajaza magunia. Miezi yote hiyo mtumbwi ndiyo gari lako, stoo yako, na maji yakipanda usiku, kitanda chako.

Baba naye alikuwa mtu wa kambi. Mwaka 1998, mvua za El Niño, mtumbwi wake ulionekana umenasa kwenye matete. Mzima. Hauna hata ufa. Yeye hakuonekana. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu yuko mgongoni kwa mama. Mtumbwi ule mama aliuuza, tukala.

Tulianzia Kivukoni. Tangu daraja lifunguliwe 2018 watu wanapita juu na mabasi yao, lakini chini pale biashara ya mtumbwi haijafa. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, na mtumbwi wake ulikuwa, kwa lugha ya madalali, full. Makasia mawili, upondo, turubai, taa ya sola, jiko la mkaa, waya wa kukaushia samaki, rundo la nyavu. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuishi humo ndani, namwona machoni. "Kaka, hapa ni kuingia na kuondoka." Nikainua nyavu. Timba tupu, zile zilizopigwa marufuku. Ukikamatwa nazo unapoteza samaki, nyavu na pengine mtumbwi wenyewe. Na chini ya nyavu, karibu na tezi, kiraka cha bati kilichopigwa misumari na kupakwa lami juu. Nikabonyeza pembeni ya kiraka kwa ncha ya kisu. Kikazama kama kwenye kiazi kilichoiva. Kijana akasema hayo ni mambo madogo, bro. Nikajua kwa nini vyombo vyote vile vilirundikwa upande ule.

Nilifurahi, na niliona aibu kufurahi. Ningeweza kuishia hapo, nirudi nimwambie mama, mbovu.

Wa pili ulikuwa wa mzee mmoja Mndamba, nje kidogo. Umelala chini ya mwembe, umefunikwa makuti, mtupu kabisa. "Shikamoo babu." "Marahaba. Vyombo sina, watoto wamegawana. Nauza mti tu." Mti wenyewe mvule. Nilipogonga ubavu kwa mpini wa panga, sauti ilikuwa moja kutoka omo hadi tezi. Kisu hakikuingia. Mzee alituacha tufanye michezo yetu, kisha akasema kwa upole, mimineni maji ndani. Tukamimina ndoo sita, tukalala kifudifudi kuchungulia chini kama mafundi gereji. Sehemu moja tu ilitokwa jasho, ufa mwembamba wa omo. Mzee akaweka kidole pale kabla hatujausema. "Huu nina nao miaka kumi na mbili. Hauendi wala haurudi."

Nikamuuliza kwa nini yeye hauhitaji tena. "Macho. Siku hizi kiboko na gogo kwangu ni kitu kimoja."

Laki tatu na nusu. Mdogo wangu akaniangalia, akingoja. Anajua kwa nini niliitwa. Nyumba yetu ina vyumba viwili na mama hajui kunong'ona kwenye simu. Nilitafuta kasoro, nakiri, nilitafuta kwa dhati kuliko nilivyowahi kuhakiki habari yoyote ofisini. Nikauzunguka mara ya tatu. Nikasema, "Huu."

Mama alikuwa anapepeta mchele tuliporudi. Hakuinua kichwa.

"Mbovu?"

"Mzima, mama."

"Hata wa baba yenu ulikuwa mzima."

Hakuna aliyejibu. Ungo ukaendelea, ukasimama. "Una vyombo?" Nikasema hauna kitu, hata kata ya kufulia maji. Akaingia ndani, akatoka na kidumu cha mafuta ya kula cha lita tano, akakaa tena kwenye kigoda na kuanza kukikata mdomo kwa kisu, polepole, akifuata mstari.