Mgeni na Nyumba Isiyo Yake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mgeni anayeingizwa katika nyumba isiyo yake.

Kijana mmoja wa Kapsoit, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu, aliajiriwa na vyama viwili vya akiba vya wakulima wadogo wa chai. Kila chama kilitaka tovuti yenye jina lake, ilhali fedha zilitosha mashine moja tu. Hilo halikumtisha. Tangu itifaki ya HTTP 1.1 itolewe mwaka 1997, kivinjari hulazimika kutaja jina la tovuti kinayoitafuta. Hivyo, anwani moja ya mtandao huweza kubeba tovuti nyingi, mithili ya ploti yenye vyumba vingi: mgeni hupiga hodi akitaja jina, naye bawabu humwonyesha mlango. Katika Tomcat, seva ya programu za Java, wenyeji hao pepe huorodheshwa katika faili moja la mipangilio, kila mmoja na folda yake.

Kijana aliandika majina mawili, akaiwasha seva, ikamtii. Usiku huo alilala usingizi wa pono.

Asubuhi mzee wa chama cha pili alimjia, simu mkononi.

"Kijana, madeni haya ni ya nani?"

Ilikuwa orodha ya wadaiwa wa chama cha kwanza. Jina la nne lilikuwa la shemeji yake.

"Niwie radhi, mzee," kijana alijibu, macho chini.

Mzee alikuwa ametanguliza "www" mbele ya jina la chama chake, na jina hilo refu halikuwamo orodhani. Tomcat haimfukuzi mgeni wa namna hiyo. Humpeleka kwa mwenyeji chaguo-msingi. Nafasi hiyo kijana alikuwa amekipa chama cha kwanza pasipo kufikiri.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kila mwenyeji aliongezewa lakabu yenye "www", kisha akaundwa mwenyeji wa tatu, mwenye ukurasa mtupu, awapokee waliopotea. Orodha nayo ikafungwa kwa nywila, jambo lililostahili kutangulia yote.

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa kuwa lakabu humfichua mhusika. Kapsoit, kukosekana kwa lakabu ndiko kulikoanika siri za jirani. Seva iliwashwa upya kwa dakika chache. Aliyoyasoma mzee hayakufutika.