Basi Lilivyosimama Ilula, Kabla ya Kitonga

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kutoka Iringa kwenda Morogoro, unaujua mji mdogo wa Ilula. Umo katika Wilaya ya Kilolo, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Basi likisimama hapo, wachuuzi huja mbio madirishani na nyanya na vitunguu. Wakulima wa Ilula ni hodari wa mazao hayo.

Ukiondoka Ilula, mbele kuna Kitonga. Hapo barabara huteremka kwa kona nyingi. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande wa pili ni korongo. Chini bondeni hupita Mto Lukosi. Malori yenye mizigo mizito hupanda na kushuka polepole. Kitonga si mahali pa mzaha.

Mwaka jana nilikuwa nikienda Morogoro kwa basi la zamani. Tulipofika Ilula dereva alisimamisha gari. Akasema, "Upepo haujai. Hatushuki Kitonga."

Abiria tulinung'unika. Mama mmoja alikuwa na matenga ya nyanya za kuuza. Kijana mmoja alisema, "Twende tu, dereva. Mbele ni mteremko, gari litajishusha lenyewe!" Hata mimi, Bwana Shamba, nilinung'unika. Nilikuwa nawahi mkutano.

Upepo una kazi gani?

Huenda unajiuliza, ni upepo gani huo? Si upepo wa matairi. Mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Dereva akikanyaga breki, upepo hutoka kwenye matangi, hupita kwenye mabomba na kusukuma breki za magurudumu. Kila akikanyaga, upepo kidogo hutumika. Kwenye mteremko mrefu hukanyaga mara nyingi. Kwa hiyo lazima kiwepo chombo cha kujaza matangi upesi. Chombo hicho ni kompresa.

Kompresa ni kama pampu ya baiskeli. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya injini. Juu yake mna vibati vyembamba vya chuma. Kimoja hufunguka upepo uingie. Kingine hufunguka upepo uende kwenye tangi. Kibati kisipofunga sawasawa, upepo hurudi ulikotoka. Hapo tangi halijai.

Fundi afanya kazi

Fundi aliitwa. Kwanza alipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba. Hakuona mapovu, akajua upepo hauvuji hapo. Akaukagua mkanda unaozungusha kompresa. Haukulegea.

Kisha injini ilizimwa. Fundi akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Akafungua koki chini ya matangi ili upepo wote utoke. Usifungue kamwe bomba lenye upepo uliobanwa, maana linaweza kukuumiza. Pamoja na upepo yalitoka maji na oili nyeusi. "Dalili ndiyo hii," alisema. "Kompresa inapitisha oili."

Alifungua bomba liendalo kwenye tangi. Ndani mlikuwa na masizi magumu, kama kwenye dohani ya jiko. Akafungua kichwa cha kompresa. Chini ya kibati kimoja palikuwa na punje ya masizi, ndogo kama mbegu ya nyanya. Hiyo ndiyo iliyowasimamisha abiria wote!

Alisafisha bomba na kichwa. Akaweka vibati vipya na gasketi mpya. Akakaza nati kidogo kidogo, kwa zamu, ili kichwa kikae sawa. Akaondoa na tope lililofunika kompresa, kwa sababu ikipata joto kali hufanya masizi upesi.

Kazi ilichukua saa tatu. Awali geji haikufika kilo 5 hata baada ya nusu saa. Sasa ilifika kilo 7 kabla ya dakika 6. Injini ikazimwa, na geji ikabaki palepale.

Fundi hakujisifu. Alimwambia dereva, "Ringi za pistoni zimelika. Ukifika Morogoro zibadilishwe, la sivyo masizi yatarudi."

Tunateremka

Tuliteremka jua likielekea kuzama. Dereva aliweka gia ndogo tangu juu. Kwenye kona moja tulikuta lori limeharibika katikati ya njia. Dereva akakanyaga breki. Basi likasimama taratibu nyuma ya lori. Kijana yule alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Yule mama akasema, "Asante, mwanangu dereva."

Tukapita Mtandika, tukafika Ruaha Mbuyuni salama. Nyanya chache tu zilikuwa zimepondeka.

Ndugu msomaji, kila msimu nawaambia wakulima waoshe bomba la kunyunyizia dawa kila wamalizapo kazi, kwa kuwa uchafu mdogo huliziba. Siku ile nililisahau somo langu mwenyewe. Wewe mwenye gari la breki za upepo, toa maji kwenye matangi kila siku. Ukiona oili, mwite fundi. Nawe abiria, dereva akisema upepo haujai, usimharakishe. Shuka, nunua nyanya, ungoje.